Tone la Puani, Mshindo wa Moyoni: Adrenalini katika Upasuaji wa Sainasi

Sainasi ni mashimo yenye hewa yaliyomo ndani ya mifupa ya uso na fuvu. Binadamu ana jozi nne za mashimo hayo: mashavuni, juu ya nyusi, kati ya macho mawili, na nyuma kabisa ya pua, chini ya ubongo. Kila shimo lina mlango mwembamba unaofungukia puani. Mlango huo ukizibwa na uvimbe au vinyama vya pua, ute hukwama ndani, vijidudu hustawi, na mgonjwa hubaki na uso unaouma, pua iliyoziba na uwezo wa kunusa uliopungua. Ugonjwa unaodumu wiki 12 au zaidi huhesabiwa kuwa sugu. Dawa zikishindwa kuutuliza, daktari wa masikio, pua na koo anaweza kumshauri mgonjwa afanyiwe upasuaji.

Siku hizi upasuaji huo haupasui uso. Daktari hupitisha kwenye tundu la pua endoskopu, kifaa chembamba chenye lenzi na mwanga, ambacho kwa mtu mzima huwa na kipenyo cha milimita 4, kisha hufanya kazi yake akitazama picha kwenye skrini. Misingi ya njia hii iliwekwa na Walter Messerklinger katika mji wa Graz, Austria, akafuatwa na mwanafunzi wake Heinz Stammberger. Katikati ya miaka ya 1980, David Kennedy aliieneza nchini Marekani. Leo ndiyo njia kuu ya kutibu sainasi sugu kwa upasuaji popote penye vifaa na wataalamu.

Njia hii ina adui mmoja mkubwa, nayo ni damu. Ngozi laini ya ndani ya pua imejaa mishipa ya damu, kwa kuwa kazi yake ni kuipasha joto hewa kabla haijafika mapafuni. Damu hiyo huja kwa njia mbili: matawi ya ateri ya nje ya shingo, na matawi ya ateri ya ndani yanayopitia kwenye tundu la jicho. Mkwaruzo mdogo tu hutoa damu, na tone moja likitua mbele ya lenzi, skrini nzima hugeuka nyekundu. Asiyeona yumo hatarini kukosea, na katika eneo hili makosa ni ya milimita. Ukuta unaotenga sainasi na jicho ni mwembamba kama karatasi. Dari ya pua ndiyo sakafu ya ubongo. Nyuma kabisa umelala mshipa wa fahamu wa jicho, kando ya ateri kubwa inayolisha ubongo.

Ili aone vizuri, daktari wa upasuaji huhitaji dawa ya kuibana mishipa hiyo. Inayotumika zaidi ni adrenalini, ambayo Wamarekani huiita epinefrini. Majina ni mawili lakini dawa ni moja. Ni dawa hiyohiyo inayomwezesha daktari kuona, na ndiyo pia inayoweza kuutikisa moyo wa mgonjwa aliyelala chini ya mikono yake.

Dawa iliyozaliwa mwilini

Adrenalini hutengenezwa na mwili wenyewe, katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Mtu akishtuka, akikimbizwa au akipatwa na hofu, tezi hizo huimwaga kwenye damu. Moyo huenda mbio, mapafu hupanuka, sukari hupanda, na damu huelekezwa kwenye misuli inayohitajika kwa kukimbia au kupambana.

Mnamo miaka ya 1894 na 1895, George Oliver na Edward Schäfer walionyesha mjini London kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka tezi hizo hupandisha shinikizo la damu kwa nguvu. Mwanzoni mwa karne ya 20, mkemia wa Kijapani Jokichi Takamine, akifanya kazi Marekani na msaidizi wake Keizo Uenaka, alifaulu kuipata adrenalini safi. Muda si mrefu, mwaka 1903, daktari wa Kijerumani Heinrich Braun alieleza faida ya kuichanganya na dawa ya ganzi. Mishipa ikibanwa, ganzi haisombwi haraka na damu. Hukaa pale ilipochomwa, hufanya kazi muda mrefu zaidi, na sumu yake huchelewa kufika mwilini. Mchanganyiko huo bado unatumika kila siku kwa madaktari wa meno na katika vyumba vya upasuaji.

Namna adrenalini inavyofanya kazi ilieleweka vizuri zaidi baada ya mwaka 1948, pale Raymond Ahlquist alipopendekeza kwamba mwili una aina mbili za vipokezi vya homoni hii, alivyoviita alfa na beta. Vipokezi vya alfa vimo kwenye kuta za mishipa ya damu. Vikiguswa, mishipa hubana. Vipokezi hivyo ndivyo daktari wa pua anavyovitafuta. Vipokezi vya beta, ambavyo baadaye viligawanywa katika beta-1 na beta-2, vina kazi nyingine. Beta-1 vimo zaidi moyoni na huufanya upige kwa kasi na kwa nguvu. Beta-2 hulegeza njia za hewa na mishipa ya damu ya misuli.

Adrenalini haichagui. Ikiwa kwenye pamba puani, hugusa alfa za pua. Ikipenya kwenye damu, hugusa vyote. Kiasi kidogo huamsha beta zaidi, na ndiyo maana baadhi ya wagonjwa shinikizo lao hushuka kwa muda mfupi dakika chache baada ya sindano, mishipa ya misuli inapolegea. Kiasi kikubwa huamsha alfa kwa nguvu: mishipa ya mwili mzima hubana, shinikizo hupanda ghafla, na moyo hulazimika kusukuma damu dhidi ya mlango uliofungwa nusu.

Sifuri mbili zinazotenga uzima na hatari

Katika upasuaji wa sainasi adrenalini hutumika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuipaka: vipande vya pamba au shashi hulowekwa kwenye dawa, hukamuliwa, kisha hupangwa ndani ya pua kwa dakika kadhaa. Ya pili ni kuichoma: mchanganyiko wa adrenalini na lidokeini, dawa ya ganzi ambayo wengi hospitalini huiita lignokeini, hudungwa chini ya ngozi laini ya pua.

Njia hizi mbili hutumia nguvu tofauti kabisa. Madaktari wengi hupaka adrenalini ya 1:1000, yaani gramu 1 ya dawa katika mililita 1000 za maji. Kwa lugha nyepesi, kila mililita ina miligramu 1, sawa na maikrogramu 1000. Ya kuchoma kwa kawaida huwa 1:100,000 au 1:200,000, yaani maikrogramu 10 au 5 tu katika kila mililita. Kati ya 1:1000 na 1:100,000 pana sifuri mbili kwenye karatasi, lakini mwilini pana tofauti ya mara 100.

Uzito wa tofauti hiyo huonekana ukiulinganisha na matumizi mengine ya dawa hii. Moyo wa mtu mzima ukisimama, mwongozo wa kuokoa maisha humpa miligramu 1 ya adrenalini kwenye mshipa. Kikombe kidogo chenye mililita 10 za adrenalini ya kupaka kina miligramu 10, yaani dozi kumi za kufufulia moyo. Daktari akidunga mililita 5 za mchanganyiko sahihi wa 1:100,000, mgonjwa hupata maikrogramu 50. Akichukua kwa bahati mbaya mililita hizohizo 5 kutoka kikombe cha kupaka, humpa maikrogramu 5000. Moyo wenye afya unaweza kushindwa na dozi hiyo.

Swali huja lenyewe: kama 1:1000 ni kali kiasi hicho, kwa nini ipakwe puani? Jibu liko katika tabia ya dawa yenyewe. Inapogusa ngozi laini ya pua huibana mishipa ileile ambayo ingeibeba kwenda moyoni, hivyo hujifungia mlango. Mapitio ya tafiti kuhusu dawa za kupaka za kubana mishipa katika upasuaji wa sainasi yameonyesha kwamba, kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri na pamba iliyokamuliwa, adrenalini ya kupaka huvumilika vyema. Ila kinga hiyo ina mipaka yake. Pamba inayochuruzika, uso wenye jeraha bichi linalotoka damu, mwili mdogo wa mtoto, au kurudia pamba mara nyingi bila kuhesabu, huongeza kiasi kinachoingia kwenye mzunguko wa damu. Kwa upande wa sindano, hatari iko kwenye ncha yake: ikitua ndani ya mshipa, dawa hufika moyoni papo hapo.

Yanayoupata moyo

Moyo ni msuli unaojilisha kwa zamu. Ateri zake za koronari hujaa damu zaidi wakati moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Adrenalini ikiongeza kasi, mapumziko hayo hufupika, na muda wa moyo kupata chakula hupungua. Wakati huohuo kila pigo linakuwa na nguvu zaidi na linasukuma dhidi ya mishipa iliyobana, kwa hiyo msuli unadai oksijeni nyingi kuliko kawaida. Mahitaji yanapanda huku ugavi ukishuka. Kwa mtu ambaye ateri zake za moyo zimekwisha kuwa nyembamba kwa mafuta, pengo hilo linaweza kusababisha shambulio la moyo. Hata kwa asiye na ugonjwa huo, adrenalini nyingi inaweza kuifanya ateri ya koronari ijibane kwa ghafla na kukata damu kwa muda.

Tatizo la pili ni mdundo. Adrenalini huwezesha chembe za moyo kuwasha umeme wake nje ya zamu. Huingiza madini ya kalsiamu kwa wingi ndani ya chembe hizo, na kupitia beta-2 huyasukuma madini ya potasiamu kutoka kwenye damu hadi ndani ya chembe za mwili, jambo linaloufanya moyo uwe mwepesi kuvurugika. Kwenye skrini huanza kuonekana mapigo ya ziada, moja moja, kisha mfululizo. Yakizidi, vyumba vya chini vya moyo huenda mbio vyenyewe; na hali ikiwa mbaya zaidi, moyo hutetemeka tu bila kusukuma damu. Hapo maisha hupimwa kwa dakika.

Dawa ya usingizi ina sauti kubwa katika jambo hili. Halotheni, gesi iliyotumika kwa miongo mingi katika hospitali za Afrika Mashariki na kwingineko kwa sababu ni nafuu, huufanya moyo uwe mwepesi sana kuitikia adrenalini. Utafiti uliochapishwa mwaka 1976 ulipima kiasi cha adrenalini kinachosababisha mapigo ya ziada kwa nusu ya wagonjwa. Chini ya halotheni kilikuwa maikrogramu 2.1 kwa kila kilo ya uzito. Chini ya isoflureni, gesi nyingine ya usingizi, kilikuwa 6.7. Kwa mgonjwa wa kilo 60, hiyo ni tofauti kati ya maikrogramu 126 na takriban 400. Adrenalini ilipochanganywa na lidokeini, kiwango cha chini ya halotheni kilipanda hadi 3.7, kwa kuwa lidokeini yenyewe hutuliza mdundo wa moyo. Kwa hiyo daktari wa pua hawezi kupanga dozi yake bila kujua ni gesi gani iliyomlaza mgonjwa.

Tatizo la tatu ni maji kwenye mapafu. Mishipa ya mwili ikibana kwa wakati mmoja, damu husukumwa kurudi kwenye moyo na mapafu, huku upande wa kushoto wa moyo ukishindwa kuitoa. Shinikizo hurudi nyuma hadi kwenye vifuko vya hewa, maji huvuja, na povu lenye rangi ya waridi huweza kupanda kwenye bomba la kupumulia. Mgonjwa aliyelala hawezi kusema kwamba anakosa pumzi. Anayesema badala yake ni kipimo cha oksijeni kidoleni.

Mtungi wa pweza

Lipo tatizo jingine ambalo kwa macho ya kwanza hufanana kabisa na shambulio la moyo. Umeme wa moyo hubadilika, kemikali za kuumia kwa msuli hupanda kwenye damu, na moyo hushindwa kusukuma. Lakini ateri za koronari zikipigwa picha hukutwa ziko wazi. Hali hii ilielezwa na madaktari wa Japani mwaka 1990, wakaiita takotsubo. Neno hilo kwa Kijapani ni mtungi wa kunasia pweza. Wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki humtafuta pweza miambani kwa kijiti bahari inapokupwa; wenzao wa Japani hutega mitungi yenye shingo nyembamba na tumbo pana. Moyo wa mgonjwa wa takotsubo hupata umbo hilohilo: sehemu ya juu inabana, ncha ya chini inavimba bila kusogea.

Chanzo kinachoaminika ni mafuriko ya homoni za jamii ya adrenalini. Wagonjwa wengi wa takotsubo ni wanawake waliokoma hedhi, ambao moyo wao hupigwa na huzuni kubwa, hofu au ugonjwa mkali. Lakini homoni hiyo ikiingia kutoka nje, kwa sindano au kwa pamba, yaweza kuleta hali hiyohiyo, na madaktari wameripoti wagonjwa walioipata wakati wa upasuaji wa pua. Kwa waliopata homoni kutoka nje, na kwa watu wenye umri mdogo, umbo la kinyume huonekana pia: ncha hufanya kazi na sehemu ya juu ndiyo inayolegea.

Habari njema ni kwamba wengi hupona. Wakisaidiwa vizuri katika saa za mwanzo, moyo hurudi katika umbo na nguvu zake ndani ya siku au wiki chache. Ndiyo sababu ya kuitambua mapema, kwani kumwongezea mgonjwa huyu dawa nyingine za kuchochea moyo ni kumwaga mafuta kwenye moto.

Tiba inayoweza kuua

Shinikizo linapopaa ghafla na moyo kwenda mbio, mkono wa haraka huvutwa kwenye dawa za kuzuia beta. Ni dawa njema kwa wagonjwa wengi wa presha na moyo. Hapa zinaweza kuwa hatari.

Sababu ni hii. Mishipa imebana kwa nguvu za alfa, na moyo unaendelea kusukuma dhidi ya mbano huo kwa sababu tu beta zinaupa kasi na nguvu. Dawa ya kuzuia beta haifungui mishipa. Inachofanya ni kuunyang'anya moyo nguvu pekee iliyobaki. Damu inayotoka hupungua, mapafu hujaa maji, na moyo unaweza kusimama. Dawa za kuzuia kalsiamu zinazopunguza nguvu ya moyo huleta hatari ya namna hiyohiyo.

Somo hili lilipatikana kwa gharama ya maisha. Katika jimbo la New York, baada ya kifo cha mtoto aliyepewa fenilefrini wakati wa upasuaji, jopo la wataalamu lilichunguza matukio ya aina hiyo. Fenilefrini ni dawa nyingine ya kubana mishipa, inayogusa alfa. Mwongozo wao, uliochapishwa mwaka 2000, uliweka kikomo cha dozi ya kwanza kwa mtu mzima kuwa miligramu 0.5, na kwa mtoto wa hadi kilo 25 kuwa maikrogramu 20 kwa kilo. Ukaonya pia dhidi ya kutibu mpando huo wa shinikizo kwa dawa za kuzuia beta au kalsiamu.

Njia iliyo salama zaidi huanza kwa kuondoa chanzo: sindano isimamishwe, pamba zitolewe puani. Kisha ni kusubiri kwa macho makini. Nusu ya adrenalini iliyomo kwenye damu huondoka ndani ya dakika 2 hadi 3, hivyo mpando mwingi wa shinikizo hushuka wenyewe kabla dawa yoyote haijafanya kazi. Usingizi unaweza kuongezwa kina na oksijeni kupandishwa. Shinikizo likibaki juu kwa kiwango cha kutisha, hutumika dawa zinazofungua mishipa moja kwa moja, kama nitrogliserini, au zinazozuia alfa, kama fentolamini. Mdundo wa hatari hutibiwa kwa dawa za mdundo, na moyo unaotetemeka hushtuliwa kwa mashine.

Upande wa pili wa suala hili ni mgonjwa anayefika tayari akimeza dawa ya kuzuia beta za aina zote, kama propranololi. Kwake adrenalini hukuta beta zimefungwa, na alfa peke yake hubaki bila mpinzani. Shinikizo hupanda mno, kisha mapigo hushuka sana mwili unapojaribu kujirekebisha. Hilo halina maana kwamba mgonjwa aache dawa yake. Kuiacha ghafla kwaweza kuuchochea moyo vibaya. Linalotakiwa ni daktari kujua mapema.

Kikombe kisicho na jina

Desemba 1995, katika hospitali moja ya jimbo la Florida, Marekani, mvulana wa miaka 7 alilazwa kwa upasuaji wa sikio. Alidungwa kile kilichodhaniwa kuwa lidokeini yenye adrenalini kidogo. Punde mapigo na shinikizo vilipaa, kisha moyo wake ukashindwa, na hakupona. Hospitali iliyahifadhi mabomba ya sindano na kuyapeleka maabara. Ikabainika kwamba bomba lilikuwa limejazwa adrenalini ya 1:1000, ile ya kupaka, kutoka kikombe kilichokuwa wazi mezani. Ukweli huo ulielezwa kwa familia, na tukio likawa funzo katika mijadala ya usalama wa wagonjwa.

Meza ya upasuaji wa sainasi ina mtego uleule. Dawa ya kupaka, dawa ya kuchoma na maji ya kusafishia lenzi, vyote ni vimiminika visivyo na rangi, na vyote vinaweza kumiminwa kwenye vikombe vinavyofanana. Jicho haliwezi kuvitofautisha. Kwa hiyo kinga haiwezi kutegemea kumbukumbu ya muuguzi mmoja aliyechoka. Lazima iwe imejengwa ndani ya utaratibu wenyewe.

Utaratibu huo una hatua zinazojulikana na zisizo na gharama kubwa. Dawa ya kuchoma ivutwe kwenye bomba moja kwa moja kutoka chupa yake, kabla ya ile ya kupaka kufunguliwa. Kila kikombe na kila bomba liandikwe jina na nguvu ya dawa. Baadhi ya madaktari hutia rangi ya njano ya fluoresini kwenye adrenalini ya kupaka, ili hata asiyesoma lebo ajue kwamba hiyo si ya sindano. Vipande vya pamba vikamuliwe na kuhesabiwa. Kabla ya kusukuma sindano, daktari avute nyuma kidogo kuona kama ameingia kwenye mshipa, kisha asukume polepole, kidogo kidogo.

Hata namna ya kuandika nguvu ya dawa imebadilishwa. Tangu Mei 2016, lebo za adrenalini isiyochanganywa na dawa nyingine nchini Marekani haziandiki tena uwiano wa 1:1000. Zinaandika miligramu 1 kwa mililita. Uwiano ulikuwa chanzo cha makosa, kwani namba kubwa zaidi humaanisha dawa dhaifu zaidi, na akili ya mtu mwenye haraka hulielewa jambo hilo kinyume.

Watu wawili, mwili mmoja

Katika upasuaji wa sainasi mgonjwa hugawanywa kati ya watu wawili. Daktari wa upasuaji anaiangalia pua kwenye skrini yake. Mtaalamu wa usingizi anauangalia moyo kwenye skrini nyingine. Mmoja anaweka dawa, mwingine anaona matokeo. Wasipozungumza, kila mmoja anabaki na nusu ya habari.

Kwa hiyo kabla ya sindano, daktari anapaswa kutaja kwa sauti jina la dawa, nguvu yake na kiasi atakachodunga, na mwenzake ajibu kwamba amesikia na yuko tayari. Shinikizo lipimwe mara kwa mara katika dakika zinazofuata, na umeme wa moyo utazamwe bila kukoma. Mapigo yakibadilika, mtaalamu wa usingizi awe na uhuru wa kusema "simama" na asikilizwe.

Desturi ya kusimama na kusemezana ilipata nguvu mwaka 2008, Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha ya usalama wa upasuaji. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane, na Ifakara, mkoani Morogoro nchini Tanzania, ulikuwa mmojawapo, pamoja na London, Toronto, Seattle, New Delhi, Amman, Manila na Auckland. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Karatasi moja na dakika chache za mazungumzo zilifanya kazi Ifakara kama zilivyofanya London.

Zipo pia njia za kupunguza hitaji la adrenalini nyingi. Kuinua kichwa cha kitanda hupunguza damu inayokusanyika puani. Usingizi unaotolewa kwa dripu, hasa propofoli pamoja na dawa kali ya maumivu ya muda mfupi, hutuliza mapigo na mara nyingi hulipa eneo la upasuaji uwazi bora kuliko gesi. Dawa za jamii ya steroidi zikitangulia kwa siku chache kwa mgonjwa mwenye vinyama vya pua, uvimbe na damu hupungua.

Mgonjwa naye ana sehemu yake, na huanza kabla ya siku ya upasuaji. Anapaswa kumweleza daktari kama ana presha, amewahi kuumwa kifua au kupata shambulio la moyo, mapigo yake huruka, au tezi yake ya shingo hufanya kazi kupita kiasi. Ataje kila dawa anayomeza, zikiwemo za presha, na za sonona kama amitriptilini, ambazo huweza kuzidisha nguvu ya adrenalini. Aseme pia kama anatumia kokeini au dawa nyingine za kuchangamsha, hata kama ni aibu kusema, kwa kuwa siri hiyo huweza kugharimu uhai. Kwa mwenye moyo dhaifu, daktari anaweza kuchagua adrenalini hafifu zaidi, dawa nyingine ya kubana mishipa, au kuahirisha upasuaji hadi moyo utulie.

Baada ya upasuaji, maumivu ya kifua, kukosa pumzi, mapigo yanayokimbia au kizunguzungu kikali visichukuliwe kuwa uchovu wa usingizi. Kipimo cha umeme wa moyo na uchunguzi wa kemikali za moyo kwenye damu hufanyika kwa haraka na vinaweza kuonyesha takotsubo au shambulio lililoanzia chumba cha upasuaji. Kwa aliyewahi kupata tatizo hilo, jina la dawa, kiasi alichopewa na kilichotokea viandikwe kwenye cheti chake, ili daktari wa upasuaji ujao, awe wa meno au wa pua, avione kabla hajaijaza sindano yake.